Msimu Ukiwa Mbaya, Nani Anabaki Barabarani?

(Hotuba hii niliitoa mbele ya watu wanaokula kwa jasho la utalii: wafanyakazi wa hoteli, madereva, waongoza wageni, wachuuzi wa ufuoni, walinzi na askari. Wengi hawakufika kwa sababu walikuwa zamu, na hao ndio niliotamani zaidi wanisikie. Nimeiweka yote kama nilivyoisema. Picha zilizorushwa ukutani nimeziacha. Hazikuwa na kazi kubwa hata siku ile.)

Ndugu zangu, hamjambo?

Naona safu ya mbele mmeiacha tupu kama kawaida ya mikutano yote. Sogeeni jamani, siumi. Hivyo. Ahsanteni.

Nimeombwa nizungumzie uhalifu wa mitaani dhidi ya wageni katika miji ya ufuoni wakati uchumi umebana. Kichwa kirefu hicho. Mimi nitaanza na ndala moja.

Miaka ile nilikuwa mapokezi, zamu ya usiku, katika hoteli ambayo sitaitaja. Msimu ulikuwa mbaya. Tulikuwa na vyumba zaidi ya mia, na vyenye watu havikufika ishirini. Saa tatu na dakika kadhaa usiku mlango wa kioo ukasukumwa, akaingia mama wa makamo, mgeni wetu wa ghorofa ya pili. Mguu mmoja una ndala, wa pili mtupu, umejaa mchanga, na kidole gumba kinatoka damu. Mkononi ameshika mkanda wa mkoba. Mkanda tu, mkoba haupo. Nilipoutazama ule mkanda niliona umekatwa kwa wembe, ncha zote mbili, safi kama kazi ya fundi cherehani.

Mnajua aliniuliza nini kwanza? Hakuniuliza polisi wako wapi. Hakulia. Aliomba simu ili azuie kadi zake za benki. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kama anayeomba radhi, kwamba dawa za presha za mume wake zilikuwa mle mkobani.

Nikaandika tukio katika kitabu. Saa, mahali, vilivyopotea. Asubuhi meneja akaniita, akakifunua kile kitabu, akasoma, akakifunga polepole. Akaniambia: "Siku nyingine, kabla hujaandika, uniulize."

Baada ya siku kumi na moja akaporwa mwingine. Mahali palepale.

Mahali gani? Ni kichochoro kilichotoka lango la nyuma la hoteli kwenda ufuoni, hatua kama mia mbili. Zamani kilikuwa na taa tatu na walinzi wawili. Msimu ulipoharibika, taa mbili zikazimwa kupunguza bili. Mlinzi mmoja akaachishwa. Baadaye yule aliyebaki akaambiwa zamu yake iishe saa kumi na mbili jioni. Pale kona palikuwa na mzee akiuza miwani ya jua na kofia hadi usiku. Wageni walipopungua naye akawa anafunga alasiri. Kwa hiyo kufikia saa tatu usiku, katika hatua mia mbili zile, alikuwepo nani?

Nauliza tena. Alikuwepo nani?

Mgeni na mwizi. Basi.

Wakati ule sote tulisema neno moja: njaa. Njaa imewageuza vijana wetu kuwa wezi. Tulilisema jikoni, tukalisema kwenye basi la wafanyakazi, meneja akalisema kwa wenye kampuni za safari. Lilikuwa jibu zuri kwa sababu halikumgusa mtu. Njaa haina jina, haiitwi ofisini, haiwezi kufukuzwa kazi.

Nami nimekuja kuwaambia kwamba jibu lile lina kasoro.

Tazameni Marekani mwaka 2009. Mabenki yameyumba, watu wanatolewa kwenye nyumba zao, na mwezi Oktoba mwaka ule watu 10 katika kila 100 wa nguvu kazi hawana ajira. Kama njaa peke yake ndiyo inayozaa wezi, mwaka ule ungekuwa wa wizi usio na mfano. Takwimu za polisi wao zilisema kinyume: wizi wa mali ulipungua na uhalifu wa kutumia nguvu ukapungua vilevile. Wataalamu walikuwa wamekwisha kutabiri balaa, wakabaki wakikuna vichwa.

Na miaka thelathini nyuma ya hapo lilitokea jambo la pili, la upande wa pili wa sarafu hiyo. Baada ya vita kuu ya pili Wamarekani walizidi kutajirika, na wizi nao ukazidi kupanda. Mwaka 1979 wanasosholojia wawili, Lawrence Cohen na Marcus Felson, wakajaribu kueleza kwa nini. Hawakuanza na moyo wa mwizi. Waliuliza maswali ambayo hata mlinzi wa geti angeuliza. Nyumba mchana ina nani, sasa ambapo mume na mke wote wanakwenda kazini? Redio na televisheni zina uzito gani siku hizi, mtu mmoja anaweza kuzibeba? Wakasema wizi unahitaji vitu vitatu vikutane saa moja na mahali pamoja: mtu mwenye nia, kitu kinachofaa kuchukuliwa, na kukosekana kwa mtu wa kuzuia. Ukikosekana mguu mmoja wa jiko hilo la mafiga matatu, chungu hakikai.

Sasa chukueni mafiga hayo mkayaweke kwenye kichochoro changu. Mwenye nia, je? Wapo siku zote, msimu mzuri na msimu mbaya, na si wengi kama tunavyodhani. Kitu cha kuchukua? Mgeni ni duka linalotembea: simu, kamera, pasipoti, fedha taslimu, vyote ndani ya mfuko mmoja mwepesi. Hilo nalo halibadiliki na msimu. Kilichobadilika ni figa la tatu. Taa, walinzi, mzee wa miwani, wageni wengine ambao wangekuwa wakipita wakicheka, dereva wa teksi aliyekuwa akisubiri abiria pale mwisho. Wote wameondoka. Msimu mbaya haukuwaleta wezi, ndugu zangu. Msimu mbaya uliondoa macho.

Na tazameni jinsi tunavyofanya kila mara. Biashara ikishuka, kitu cha kwanza kukatwa ni kipi? Ulinzi! Bustani itamwagiliwa maji, chumvi ya bwawa la kuogelea itanunuliwa, lakini mlinzi wa usiku ataambiwa arudi nyumbani "hadi hali itengemae". Hali itatengemaaje?

Mkumbuke pia kwamba msimu mbaya mara nyingi hatuusababishi sisi. Unashuka kutoka juu kama mvua ya mawe. Mwezi Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa isipokuwa kwa safari ya lazima, kwa kuhofia ugaidi, na kampuni za safari zikawabeba mamia ya wageni katikati ya likizo zao na kuwarudisha kwao ndani ya siku chache. Mhudumu wa meza aliyeandaa chai ya asubuhi hakuwa na wa kumwandalia chakula cha jioni. Au mwaka 2020. Mwaka mmoja kabla yake dunia ilikuwa imehesabu safari za kimataifa za watalii karibu bilioni 1.5, ukaja ugonjwa, zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 70. Hakuna mji wa ufuoni uliopigiwa hodi kwanza. Kwa hiyo swali si kama msimu mbaya utakuja. Utakuja. Swali ni tutamwacha nani barabarani siku hiyo.

Lakini subirini, msije mkasema nimedai shida haimsukumi mtu. Sijasema hivyo. Nitawaambia kisa cha pili, na hiki sikipendi.

Katika hoteli ile ile kulikuwa na kijana wa jikoni, mwosha vyombo, mpole, hodari wa kuimba. Walipowapunguza wafanyakazi alikuwa anadai mishahara ya miezi mitatu. Akaambiwa atapigiwa simu. Hakupigiwa. Alikuja getini mara nne hivi, mimi mwenyewe nilimwona, na mara ya mwisho hata kivulini hakuruhusiwa kusimama. Wiki chache baadaye mgeni mmoja, mzee aliyependa kukimbia alfajiri, aliporwa saa ya mkononi na simu, na aliyempora alijua saa atakayotoka, njia atakayopita, na kwamba huwa peke yake. Alijuaje? Kijana yule hakumgusa mgeni. Hakukata mkanda wa mtu. Aliuza habari. Aliiuza, nilivyokuja kusikia, kwa fedha isiyofika hata robo ya mshahara wa mwezi mmoja aliokuwa anatudai.

Mnanielewa? Yule aliyekuwa jicho letu, tulimfumba sisi wenyewe, halafu akafumbuliwa na wengine. Hoteli iliyoshindwa kumlipa mwosha vyombo ilijikuta inamlipa mgeni fidia, na kumrudishia nauli, na bado ikapoteza kundi zima la wakimbiaji wenzake waliokuwa waje mwaka unaofuata. Mimi si mhasibu, lakini hesabu hiyo hata mtoto ataijumlisha. Mkimpunguza mtu kazi, mlipeni anachodai siku hiyohiyo. Ni haki yake kwanza. Na ni ulinzi pia, tena wa bei nafuu kuliko kamera.

Tuje kwa mgeni mwenyewe.

Mgeni ana mambo mawili ambayo mwizi anayapenda. La kwanza, anajulikana kwa mbali. La pili, anaondoka.

Kuhusu kujulikana, hakuna mji wala jimbo lililolipa somo hili kwa gharama kubwa kuliko Florida mwaka 1993. Magari ya kukodi kule yalikuwa na namba za usajili za aina yake na vibandiko vya kampuni. Ilikuwa utaratibu wa ofisi tu, hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ila ofisi ilikuwa imewaandikia wezi tangazo: ndani ya gari hili kuna mtu asiyejua njia, mwenye mizigo buti zima. Mwezi Aprili mwaka huo mama Mjerumani, yupo na mama yake na watoto wake wawili, ametoka uwanja wa ndege wa Miami, akapotea njia usiku. Gari likamgonga kwa nyuma, kidogo tu. Akafanya ambacho mtu yeyote mstaarabu angefanya: akashuka kuangalia. Wakampiga, wakampora, akafa palepale.

Baada ya hapo wageni wakaanza kupewa vijikaratasi vya maonyo. Ukigongwa kwa nyuma usisimame, endelea hadi penye watu. Shauri zuri. Mwezi Septemba Mjerumani mwingine, yupo na mke wake, akagongwa kwa nyuma kwenye barabara kuu ya Miami. Hakusimama. Alifuata shauri. Wakampiga risasi. Haikupita juma moja, Mwingereza akauawa kwenye kituo cha mapumziko cha barabara, kaskazini mwa jimbo. Florida ikasitisha matangazo yake ya utalii. Hebu fikirini jimbo linaloishi kwa kuita wageni, likaona aibu kuita.

Nataka mtazame walichokifanya baadaye, maana hapo ndipo penye funzo kwetu sisi wenye mazoea ya kumpa mgeni karatasi ya mashauri na kujiona tumemaliza. Waliondoa zile namba na vile vibandiko, gari la mgeni likafanana na la mwenyeji. Waliweka walinzi katika vituo vya mapumziko vya barabara kuu. Na pale Miami waliweka vibao vyenye picha ya jua la rangi ya chungwa, kutoka uwanja wa ndege hadi ufuoni: fuata jua, utafika. Ni kitu kidogo mno! Kibao chenye jua. Lakini mtu asiyepotea hashuki mahali pasipofaa saa sita za usiku.

Sasa jiulizeni, katika kazi zenu, mnawapaka wageni alama gani bila kujua? Ule ukanda wa plastiki wa rangi kali mnaomfunga mkononi, unaosema hoteli anayolala. Namba ya chumba inayosomwa kwa sauti mapokezi wakati watu sita wamesimama nyuma yake. Basi lenye maandishi makubwa linaloshusha watu ishirini mahali pamoja saa ileile kila siku. Nilikuwa naye mwongoza wageni mmoja, mtu hodari, aliyekuwa akiinua mwavuli mwekundu juu na kupaza sauti "Tusubiriane hapa, pasipoti zenu mko nazo?" Mwavuli sawa. Pasipoti za nini?

(Hapa watu walicheka sana, na kaka mmoja wa mstari wa tatu akainamisha kichwa. Sikumuuliza.)

La pili, anaondoka. Mgeni anakaa siku saba, kumi, kumi na nne. Kesi inachukua miezi. Mwizi mzoefu anajua hesabu hiyo kuliko mwendesha mashtaka. Siku ya kusikilizwa, mlalamikaji yuko nchi nyingine, amekwisha kununua simu mpya, na hakimu hana la kufanya ila kufuta. Kijana anatoka mahakamani saa nne asubuhi, saa kumi yuko kazini. Nasema kazini kwa sababu kwake ni kazi.

Nanyi askari mliopo hapa, mnisamehe, lakini nanyi mnajua tunachofanya. Mgeni akija kituoni tunamuuliza swali moja tu la moyoni: unataka taarifa ya polisi kwa ajili ya bima? Akisema ndiyo, tunamgongea muhuri, anashukuru, anaondoka, sote tumeridhika. Karatasi imetoka, mwizi hajaguswa.

Kuna nchi zimelifikiria hili. Uhispania, ambako wachomozi wa Barcelona wanajulikana dunia nzima, sheria inaruhusu shahidi anayeishi nje ahojiwe mapema mbele ya hakimu, pande zote zikiwepo, na maneno yake yakatumika siku ya kesi hata akiwa amekwisha kuondoka. Mwaka 2022 wakaongeza adhabu kwa wale waliokwisha kuhukumiwa mara tatu au zaidi, baada ya kuona mtu mmoja anakamatwa leo, analipa faini, kesho yuko kwenye treni ileile. Thailand wana polisi wa watalii wenye namba moja ya simu, 1155, mgeni anapiga na kupata mtu wa kuongea naye kwa lugha anayoielewa. Sisemi nchi hizo zimemaliza wizi. Hazijamaliza. Ila zimemnyima mwizi ule uhakika kwamba muda uko upande wake.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu hamtanipenda.

Kila msimu ukiwa mbaya na mgeni mmoja akaporwa, huja amri: safisheni ufuo. Lori linakuja, vijana wote wanapakiwa, wenye bidhaa na wasio na bidhaa, wanaosuka nywele, wanaokodisha maboya, wanaopiga ngoma. Jioni picha zinatolewa. Watu wanapiga makofi. Je, wizi unaisha?

Rio de Janeiro walijaribu kwa ukali kuliko sisi sote. Tangu mwaka 1992, vijana walipovamia ufuo wa Arpoador makundi kwa makundi huku kamera zikirekodi, mji ule umeishi na hofu ya kijana anayeshuka basi kutoka mitaa ya mbali. Mwaka 2015 polisi wakawa wanasimamisha mabasi yanayokwenda ufuoni na kuwashusha vijana ambao hawajafanya lolote. Kosa lao ni kupanda basi la kwenda baharini Jumapili. Hakimu akakataza: usimkamate mtoto ambaye hujamkuta na kosa. Baada ya hapo vurugu zikatokea ufuoni, na wakazi wenye hasira wakaanza wao wenyewe kuyasimamisha mabasi na kuwavuta vijana nje kwa ngumi. Mji umegawanyika mara mbili, na mwizi halisi, yule mwenye akili, hakuwa hata ndani ya basi.

Mnamkumbuka mzee wangu wa miwani ya jua? Nimerudi kwake. Kabla ya msimu kuharibika kulikuwa na siku moja mgeni alipoteza begi dogo la kamera kwenye viti vya ufuoni. Alikuja mapokezi ameiva kwa hasira, anataka polisi, ubalozi, kila kitu. Mimi nikatoka nje nikamwambia mzee. Mzee hakuuliza rangi ya begi. Aliuliza saa. Nikamwambia. Akafikiri, akatazama juu kama anayesoma kitu hewani, akasema: "Saa hiyo alipita yule mwenye kofia ya buluu. Si wa hapa. Ngoja." Akamwachia jirani meza yake, akaondoka na ndala zake zinapiga kofi mchangani. Haikupita saa moja, begi likawa juu ya kaunta yangu. Kamera imo, na hata mchanga ulikuwa umepanguswa.

Mgeni alitaka kumpa fedha. Mzee akamwambia, nunua miwani. Akanunua miwili.

Polisi gani atakupa huduma hiyo? Mzee yule alikuwa anajua kila uso unaopita ufuoni pale kwa miaka mingi, na alikuwa na sababu ya kutaka mgeni awe salama: mgeni akikimbia, miwani inaoza. Huyo ndiye tuliyempakia kwenye lori msimu mbaya ulipofika. Nilimwona amekaa kwenye ubao wa lori, sanduku lake la miwani magotini, anatazama mbele. Walimwachia siku ya pili. Hakurudi tena kuuza pale. Na kichochoro kile, mnajua kilichotokea kichochoroni.

Kwa hiyo wachuuzi, nawaambia na ninyi. Wamo kati yenu wanaomzonga mgeni hadi anapumua kwa shida, na wamo wanaojua kabisa nani amekuja kuiba na wananyamaza kwa kuwa si ndugu yao aliyeibiwa. Andikisheni watu wenu, wajulikane kwa sura na kwa jina, mwenye tabia mbaya mumtoe ninyi wenyewe kabla hajatolewa kwa lori pamoja nanyi. Lakini wenye mamlaka nao waache kumhesabu mchuuzi kuwa uchafu wa ufuoni.

Kuna wanaosema, suluhisho ni ukuta. Mgeni aje, ale, anywe, aogelee, acheze ndani kwa ndani, asitoke. Jamaika waliufuata mtindo huo mapema, na Montego Bay kuna hoteli za namna hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mgeni yuko salama kweli, siwezi kukataa. Lakini Januari 2018 serikali yao ilitangaza hali ya hatari katika eneo la St James, ambamo Montego Bay imo, kwa sababu ya mauaji upande wa pili wa ukuta. Wanajeshi wanasimamisha magari barabarani, na ndani watu wanaendelea na bwawa. Waliokuwa wakiuawa ni wenyeji. Ukuta unaficha, na unaondoa mguu wa mgeni barabarani. Mguu wa mgeni ukiondoka, teksi inaondoka, duka linafungwa, taa inazimwa. Tumerudi kichochoroni.

Sitakaa sana hapo, mnajua wenyewe nani anafaidika na ukuta.

Nirudi kwa meneja wangu na kitabu chake, kwa sababu nimemwacha anaonekana mtu mbaya na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu. Aliogopa kwamba tukio likiandikwa litasomwa, likisomwa litasemwa, likisemwa vyumba ishirini vitakuwa kumi. Hofu yake ilikuwa na msingi. Lakini fikirini: hoteli ya jirani nayo ilikuwa na meneja mwenye hofu ileile na kitabu chenye kurasa nyeupe. Nilikuja kukutana na mfanyakazi mwenzangu wa hoteli ile baada ya mwaka, tukalinganisha. Kichochoro kilekile, kwa miezi minne, wageni saba! Sisi tulijua wawili, wao walijua watano. Hakuna aliyejua saba. Polisi walijua mmoja.

Na ilikuja kujulikana kwamba wakataji walikuwa watu wawili tu. Wawili! Hawakuwa wafanyakazi walioachishwa, hawakuwa vijana wenye njaa wa mtaa wa nyuma. Walikuwa wakifanya kazi hiyo tangu siku za msimu mzuri, sehemu nyingine, ila huko walikuwa wanasumbuliwa na watu kupitapita. Walisikia kuna mahali pametulia.

Aliyewatambua ni mlinzi wetu aliyeachishwa mwanzo. Aliwaona siku ya kwanza walipokuja kupima mahali, akiwa anatoka kufuatilia malipo yake. Aliniambia mimi mwenyewe baadaye, tukiwa tumesimama kwenye foleni ya basi. Nikamuuliza, mbona hukusema? Akanitazama kama mtu anayetafuta kejeli usoni pangu. Akasema, "Nimwambie nani? Getini hamniruhusu."

Basi ombi langu la leo ni dogo, wala halihitaji kamati. Kila hoteli, kila kituo cha teksi, kila chama cha wachuuzi mliokaa hapa, kabla hamjaondoka andikeni kwenye karatasi ile iliyopo mlangoni mahali pamoja panapowatia wasiwasi ikifika saa mbili usiku. Bila jina lenu, bila jina la hoteli. Mahali tu na saa. Nina hakika mtakuta mmeandika mahali palepale, na kwamba hapazidi vidole vya mkono mmoja. Hapo ndipo pa kupeleka mlinzi, hata akiwa ni mmoja mnayemlipa kwa kuchangiana hoteli nne. Hapo ndipo pa kumruhusu muuza miwani akae hadi saa nne. Hapo ndipo pa kuwasha taa, hata bustani ikikosa maji.

Naona naoneshwa saa. Haya. Wenye maswali, tuanze na yule kaka mwenye sare pale nyuma. Umeinua mkono tangu nilipotaja zile taa mbili.